Radi mpakani: kwa nini "ingia ndani" haitoshi

Jumamosi ya tarehe 10 Machi 2018, waumini wa Kanisa la Waadventista wa Sabato la Gihemvu, wilayani Nyaruguru, kusini mwa Rwanda karibu na mpaka wa Burundi, walikuwa ndani ya kanisa lao mvua ilipoanza. Hawakuwa malishoni, hawakuwa chini ya mti, wala hawakuwa na jembe mkononi. Walikuwa ndani, wamekaa. Radi ilipopiga, watu 14 walifariki papo hapo na wengine wawili wakafuata baadaye. Zaidi ya mia moja walipelekwa kutibiwa.

Tangu wakati huo nimekuwa nikifuatilia habari za radi katika nchi hizi za Maziwa Makuu, na kila mara nakutana na jambo lile lile. Huko nyuma, Juni 2011, Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, ilipoteza wanafunzi 18 kwa radi moja. Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo kaskazini mwa Uganda, watu 14 walikufa wakiwa wamekusanyika kwa ibada na 34 wakajeruhiwa. Wengi wao walikuwa wamekimbia vita Sudan Kusini. Tarehe 27 Januari 2025, wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilaya ya Bukombe mkoani Geita, Tanzania, nao walikwenda hivyo hivyo.

Kanisa, shule, makazi ya wakimbizi, shule tena. Tangu utotoni tumeambiwa kwamba ukisikia ngurumo, ingia ndani. Ushauri huo si mbaya, lakini umetoka katika nchi ambazo neno "ndani" lina maana tofauti na ile tunayoijua sisi. Ndiyo sababu ya makala haya, na nawaandikia hasa wewe unayevuka mpaka na mzigo na kujihifadhi popote mvua inapokukuta, na wewe uliyerudi nyumbani hivi karibuni na bado unalala chini ya turubai huku nyumba ikijengwa.

Tunaishi kwenye kitovu chake

Kwanza tukubaliane kwamba hatujidanganyi tunaposema kwetu radi ni nyingi. Kuanzia mwishoni mwa 1997 hadi 2015 ilikuwepo angani setilaiti iliyoitwa TRMM, ya Marekani na Japani, iliyobeba kamera ya kuhesabu mimweko ya radi. Mwaka 2016 watafiti walichapisha hesabu za miaka 16 za kamera hiyo, wakapanga maeneo ya dunia kufuatana na wingi wa mimweko. La kwanza ni Ziwa Maracaibo, Venezuela, lenye mimweko 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. La pili ni Kabare, mashariki mwa Kongo, mimweko 205.

Si Kabare peke yake. Katika kumi bora za dunia, kama neno "bora" linafaa hapa, Kongo ina maeneo matano: Kabare, Kampene, Sake, Butembo na Boende. Mfanyabiashara wa Goma anaijua Sake, na hakuna mchuuzi wa vitenge au wa vipuri asiyeijua Butembo. Katika orodha nzima ya maeneo 500, Afrika ina 283.

Hapo niongeze tahadhari mbili ili msomaji asitoke na hofu isiyo na kipimo. Majina hayo ni ya mji au kijiji kilichokuwa karibu zaidi na mahali pa kipimo, kwa hiyo si kwamba radi zinafuata soko la Sake. Pia setilaiti huhesabu mimweko yote, na mingi huishia mawinguni bila kugusa ardhi. Lakini hata ukitoa hiyo, inayobaki si haba.

Sababu iko kwenye ardhi yenyewe. Hewa yenye unyevu kutoka msitu wa Kongo inagonga milima ya ukingo wa Bonde la Ufa na kulazimika kupanda. Jua la mchana linaisukuma zaidi, na maziwa yanaongeza unyevu. Upande wetu wa Ziwa Kivu, wilaya ya Rutsiro imekuwa ikitajwa mara kwa mara kati ya zinazoumizwa zaidi na radi nchini. Hata wanyama hawakuachwa: Februari 2020, sokwe wa milimani wanne, akiwemo jike mwenye mimba, walikutwa wamekufa katika Hifadhi ya Mgahinga, Uganda, na dalili zilionyesha radi. Walikuwa wa familia ya Hirwa, iliyovuka kutoka upande wa Rwanda mwaka 2019. Nao walikuwa wahamiaji.

Kinachotokea ndani ya wingu

Wengi hudhani umeme wa angani upo siku ya mvua tu. Hata siku ya jua kali, isiyo na wingu, kati ya ardhi na hewa iliyo mita moja juu yake kuna tofauti ya takriban volti 100. Hatuuhisi kwa kuwa hewa haipitishi umeme kirahisi, na mkondo unaopita ni mdogo mno. Radi zinazopiga huku na kule duniani ni miongoni mwa vitu vinavyoifanya tofauti hiyo isiishe.

Wingu la radi ni jambo jingine. Hewa ya joto inapanda kwa kasi hadi mahali penye baridi chini ya nyuzi sifuri. Humo mna chembe nyepesi za barafu na vijiwe vizito kidogo vya barafu laini. Vikigongana, chembe nyepesi huondoka na chaji chanya na kupeperushwa juu, vijiwe hubaki chini na chaji hasi. Kazi hiyo huendelea kwa dakika kadhaa, mamilioni ya migongano, mpaka hewa yenyewe inashindwa kuvumilia. Mkondo wa radi moja ya kawaida hufikia ampea 30,000, wakati jiko la umeme la nyumbani hutumia kama 10. Njia inayopitia hupata joto la nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi, mara tano ya uso wa jua. Hewa iliyopashwa moto ghafla namna hiyo hupasuka, na mpasuko huo ndio ngurumo.

Mwanga hufika mara moja, sauti hutembea kilomita moja kwa sekunde tatu. Kwa hiyo ukiona umeme na kuhesabu hadi tisa kabla ya ngurumo, radi iko kilomita tatu. Ukihesabu chini ya 30, iko ndani ya kilomita kumi, na radi inayofuata inaweza kuruka umbali huo ikakufikia wewe ambaye bado hujalowa. Wataalamu wanashauri kusubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Najua dakika 30 kwa mtu mwenye ndoo ya samaki na foleni ya mpakani ni muda mrefu.

Jambo ambalo wengi hatulijui ni namna radi inavyoua. Tunafikiri inamshukia mtu kichwani. Madaktari na wahandisi waliochambua ajali hizi wanakadiria kwamba kupigwa moja kwa moja ni kati ya asilimia 3 na 5 tu. Nusu ya ajali au zaidi kidogo hutokana na umeme unaosambaa ardhini baada ya radi kupiga mti, mlingoti au jengo. Karibu theluthi hutokana na umeme unaoruka kutoka kwenye kitu kilichopigwa kwenda kwa mtu aliye karibu nacho. Ndiyo maana mti ni mtego. Ndiyo maana pia ng'ombe kumi hufa kwa radi moja: miguu ya mbele iko mbali na ya nyuma, umeme wa ardhini unapanda huku na kushukia kule, ukipitia kifuani.

Watu waliobanana kwenye sakafu ya udongo, ndani ya jengo lililopigwa, wako katika hali ile ile ya ng'ombe wale.

Nyumba ipi ni nyumba?

Marekani, katika miaka ya 1940, radi iliweza kuua watu zaidi ya 300 kwa mwaka. Katika miaka ya karibuni wastani ni chini ya 30, ingawa idadi ya watu imezidi mara mbili. Elimu imesaidia, na watu wengi walihama mashamba. Lakini sababu kubwa haikuwa na uhusiano na sayansi ya mawingu: nyumba zao zilijaa nyaya za umeme na mabomba ya maji ya chuma. Radi ikipiga nyumba ya namna hiyo, umeme hufuata nyaya na mabomba ukutani, ukateremka ardhini na kuwaacha wenye nyumba katikati, salama. Hawakukusudia kujenga kinga, walikuwa wakitafuta taa na maji ya kuoga.

Sasa tazama nyumba zetu. Kuta za udongo au matofali mabichi, paa la bati juu ya miti, hakuna bomba, na nyaya kama zipo ni za taa mbili. Bati lenyewe halivuti radi kama wengi wanavyoamini. Kinachovuta ni urefu na mahali jengo lilipo, na vijiji vyetu viko juu ya vilima. Tatizo la bati ni kwamba limekaa juu bila njia ya kushuka. Umeme ukifika pale hutafuta njia yoyote: nguzo, ukuta uliolowa, au mtu aliyeegemea ukuta. Hema na kibanda cha turubai ni hivyo hivyo, tena nguzo yake iko sentimita chache kutoka kichwa cha anayelala.

Mtandao uitwao ACLENet, wenye makao Kampala na ulioasisiwa kwa juhudi za daktari Mmarekani Mary Ann Cooper, umekuwa ukisema jambo hili kwa miaka: Afrika si suala la kuwaambia watu waingie ndani, ni suala la kuwapa "ndani" iliyo salama. Wakaanza na shule. Runyanya, ile iliyopoteza watoto 18, ilikuwa ya kwanza kuwekewa kinga nao.

Kinga hiyo si muujiza. Ni vyuma juu ya paa, ambavyo hapa kwetu huitwa imirindankuba, waya mnene wa kuteremsha umeme nje ya ukuta, na fimbo za chuma zilizochimbiwa kwenye udongo wenye unyevu. Benjamin Franklin aliifahamu kanuni yake tangu karne ya 18. Sehemu inayoonekana ni ya juu, sehemu inayookoa ni ya chini. Chuma juu ya paa bila waya mzuri na fimbo nzuri ardhini ni sawa na kumkaribisha mgeni na kumfungia mlango wa kutokea. Fundi anayekuuzia chuma kimoja kirefu na kukuambia kazi imekwisha, mwulize ardhini ameweka nini.

Nyaya hizo mara nyingi ni za shaba, na shaba ina soko. Mnaofanya biashara ya vyuma chakavu mnalijua hili kuliko mimi. Waya mnene wa shaba uliokunjwa haraka haraka, usio na maelezo, unaweza kuwa umetoka kwenye ukuta wa shule.

Kuna kikwazo kingine, nacho kiko vichwani. Mtu akipigwa na radi, swali la kwanza kijijini mara nyingi si kama jengo lilikuwa na waya wa ardhini bali aligombana na nani. Nimesikia hadithi hizo Kigoma, nimezisikia Bukavu, na hapa nyumbani, ambako radi ni inkuba, nimezisikia pia. Wengine huvua nguo nyekundu mvua ikianza. Sina nia ya kumcheka mtu, maana kifo cha ghafla kinadai maelezo. Ila hasara ya maelezo hayo ni kwamba watu wakishampata wa kulaumiwa, shule inabaki vile vile, na mvua za mwaka ujao zinaikuta.

Jicho jipya angani

Kujenga kunachukua miaka. Kuonya kunaweza kuanza mapema zaidi, na hapa utafiti umepiga hatua.

Mwaka 1969 roketi ya Apollo 12 ilipigwa na radi mara mbili ndani ya dakika moja tangu kuruka. Leo kituo kile cha Florida kimezungukwa na vyombo vinavyopima nguvu ya umeme hewani, vinavyoweza kuonyesha kwamba wingu limeanza kujaa chaji kabla halijapiga hata mara moja. Sisi hatuna roketi za kulinda, lakini kanuni ni moja. Watafiti wamegundua pia kwamba idadi ya mimweko ndani ya wingu ikipanda ghafla, mara nyingi mvua ya mawe au upepo mkali hufuata baada ya dakika kadhaa. Yaani kuhesabu radi ni kuhesabu pia hatari nyingine zinazokuja nyuma yake.

Ziwa Victoria limetoa somo lake. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mvua hupiga nchi kavu. Usiku upepo hugeuka, hewa kutoka pande zote hukutana juu ya maji, na dhoruba kali huamkia ziwani kuelekea alfajiri, saa ambazo wavuvi na mitumbwi ya biashara wako majini. Utafiti uliochapishwa 2016 na 2017 ulionyesha kwamba ukali wa mvua za mchana kwenye nchi kavu unaweza kutumika kutabiri usiku wa hatari ziwani, na kwamba dhoruba hizo zitazidi kadiri dunia inavyopata joto. Kutoka 2017, mradi wa HIGHWAY wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kwa fedha za Uingereza, uliwakutanisha watabiri wa Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda kuboresha tahadhari za eneo hilo.

Kisha, tarehe 13 Desemba 2022, Ulaya ilirusha setilaiti mpya ya Meteosat iliyo na kamera nne za kuangalia radi. Iko kilomita 36,000 juu na haiondoki mahali pake. TRMM ilikuwa ikipita juu yetu kama basi la mkoani, inachungulia na kwenda zake. Hii inaitazama Afrika usiku na mchana, kwa picha 1,000 kila sekunde. Kwa mara ya kwanza mtabiri wa Kigali au Bujumbura anaweza kupata picha ya radi za Masisi au Ngara zinapotokea, bila nchi yake kununua mitambo ya bei kubwa ya kusimika vilimani.

Lakini habari ikifika ofisini kwa mtabiri bado haijafika Rusumo. Anayeihitaji yuko njiani, simu yake ina kadi ya nchi moja akiwa katika nchi nyingine, na ujumbe wa tahadhari hutumwa kwa wateja wa nchi inayoutuma. Mimi naona mahali pa kuanzia ni pale pale mpakani: kipaza sauti kinachowaita watu kwenye foleni, na ubao wa bei ya kubadilisha fedha, vinaweza kubeba pia sentensi moja kuhusu radi. Redio za jamii zinazosikika pande mbili za mpaka zingefanya hivyo bila gharama kubwa. Wenye mamlaka wa nchi zetu wanakutana mara kwa mara kuhusu ushuru. Hili nalo lingetosha kwenye ajenda.

Wakati tukisubiri, mfanyabiashara ana mahali pazuri kuliko anavyofikiri. Gari lenye bati pande zote na juu, liwe basi, Hiace au kichwa cha lori, ni kinga nzuri madirisha yakifungwa. Si matairi yanayokinga, ni bati linalouzungusha umeme nje yako. Kwa hiyo usiguse chuma cha ndani. Nyuma ya lori, chini ya turubai, hapahesabiki. Pikipiki haihesabiki. Jengo kubwa la kisasa la forodha lenye nyaya na mabomba ni afadhali kuliko baraza la duka au mwamvuli mkubwa wa soko. Simu mkononi haivuti radi, ila simu iliyochomekwa kwenye chaji ukutani ni hatari. Kama uko kilimani na hakuna chochote, ondoka kileleni, acha mti, na tawanyikeni badala ya kukumbatiana, ili radi moja isiwachukue wote.

Na ikipiga, msiogope kumgusa aliyepigwa. Mwili wa mtu haubaki na umeme. Amekufa mwingi kwa sababu waliomzunguka waliambiwa wasimsogelee mpaka afukiwe kwa udongo au amwagiwe maziwa. Mara nyingi radi husimamisha moyo na pumzi, na moyo unaweza kurudi kabla ya pumzi. Bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, kama mara mbili kila sekunde, na anayejua kupuliza pumzi mdomoni apulize, bila kuacha mpaka msaada ufike. Kwenye ajali nyingine tunakimbilia anayelia. Kwa radi, anayelia anapumua, na ana nafasi kubwa ya kuishi. Ukikuta wawili wamelala, mmoja analia na mwingine yuko kimya, anza na aliye kimya.